Injini Ndogo ya Mvuke na Mikono ya Yohana

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, inayonirudia mara kwa mara ni ile walipomleta mume wangu nyumbani kutoka karakana. Alikuwa amenyoosha mikono mbele kama mtu aliyebeba sinia, nayo imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa uani nachambua mlenda. Nilipomwona niliinuka, mlenda wote ukamwagika chini.

Nirudi nyuma kidogo ili usipotee. Enzi zile alitawala Mdachi, yaani Mjerumani. Reli ilikuwa imefika Dodoma si zamani, na watu walikuwa bado wanatoka Ipagala na vijiji vingine kuja kusimama kando ya njia, walitazame gari la moto likipumua. Mume wangu Yohana alilelewa misheni, alisoma kidogo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kazi za chuma. Mkubwa wa karakana alikuwa Mzungu mmoja mfupi ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani. Huyo Bwana Miwani alikuwa ametengeneza mwenyewe injini ndogo ya mvuke, urefu wake hauzidi mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Ilikuwa na boila ya shaba ya kuwekea maji, taa ya spiriti chini yake, silinda nene kama kidole gumba, na gurudumu zito. Juu ya boila palikuwa na vali yenye springi, ya kutoa mvuke ukizidi.

Usidhani kilikuwa kitu cha mchezo. Mtu aliyetaka kuwa mchochea moto kwenye gari lenyewe alianza na hiyo ndogo. Ilimbidi ajue kuiwasha, kuipaka mafuta, kuizima na kuikausha, ndipo aruhusiwe kukaribia ile kubwa. Na aliyekuwa akiwafundisha wenzake kazi hiyo ni Yohana. Alikuwa hana hata ndevu za kutosha, lakini walimwita mwalimu.

Siku ya ajali, mwanafunzi wake mmoja, Salimu, Mrangi kutoka Kondoa, alitaka gurudumu lake lizunguke kwa kasi kuliko walivyofanya wenzake. Akaifunga vali kwa waya. Yohana alikuwa mlangoni. Aliona gurudumu linavyokwenda, akaona na vali imenyamaza wakati ilipaswa kupuliza. Akamsukuma Salimu kando, akaivuta taa, akaukata waya kwa koleo. Mvuke wote uliokuwa umefungiwa ndani ukatokea kwenye mikono yake.

Haya alinieleza Salimu mwenyewe, amesimama uani kwangu, hathubutu kukaa.

"Shemeji, waya niliufunga mimi," aliniambia. "Ukinifukuza nitaenda."

Sikumfukuza. Nilimwambia achote maji, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa njiani anakuja kutoka Ipagala na nyumba haikuwa na maji.

Basi tukaanza maisha ya kuuguza. Nilimlisha mume wangu ugali wa uwele tonge kwa tonge. Nilimvisha, nilimfungua na kumfunga vitambaa, nilimfukuzia nzi. Yeye aliyazoea maumivu kuliko alivyozoea kulishwa. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mwanangu, hata kuzoeana vizuri tulikuwa bado.

Huko karakana, ile injini ilibaki mezani kama ilivyoachwa siku ya ajali. Hakuna aliyetaka kuigusa. Maji yalibaki ndani ya boila, silinda haikukaushwa, mafuta ya zamani yakagandia humo. Na maji ya Dodoma unayajua, yana chumvi na magadi, hata sufuria inaota ukoko mweupe. Bwana Miwani alipokuja kuijaribu, gurudumu halikusogea. Pistoni ilikuwa imekwama ndani ya silinda.

Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akasimama kwenye kizingiti cha tembe akiwa ameinama kwa sababu ya dari. Alimpa Yohana pole, kisha akasema lililomleta. Mkubwa wa reli alikuwa anakuja kutoka pwani kukagua. Kama darasa la wachochea moto halina faida, lingefungwa, na vijana wale wangerudishwa kubeba mataruma ya reli juani. Na kazi ya Yohana ingekwisha pamoja na darasa.

"Nani ataitengeneza?" Bwana Miwani aliuliza. "Mimi injini kubwa zinanipa tatizo juu ya tatizo."

"Nitaitengeneza mimi," Yohana akajibu.

Yule Mzungu akavitazama vile vitambaa. "Kwa mikono gani?"

"Bwana ilete tu. Itazunguka."

Salimu akaileta jioni ile ile, imefungwa kwenye gunia, pamoja na chupa za mafuta na unyoya wa kuku wa kuyapaka. Alipoondoka nilimuuliza mume wangu swali lile lile la Mzungu.

"Mikono yako," alisema, bila kuniangalia.

Nilikataa, nisikufiche. Nilimwambia mimi sijui chuma, na nikiharibu mali ya Mdachi atakayeenda kulazwa chini na kuchapwa kiboko bomani ni yeye. Akageukia ukuta. Mama mkwe alikuwa pembeni anapepeta uwele, anatusikia. Kesho yake asubuhi nilimkuta Yohana amekaa mbele ya injini, anajaribu kushika unyoya kwa meno. Nikauchukua mdomoni mwake, nikakaa.

Mwanzo ulikwenda vibaya. Yeye alikuwa na haraka na maumivu, mimi nilikuwa na woga. Aliniambia, "Weka mafuta," lakini hakuniambia ya chupa ipi wala kiasi gani. Nikaona vitundu vingi, nikavijaza vyote kwa mafuta mazito meusi, nikidhani mengi ndiyo mazuri. Nilipolisukuma gurudumu kwa nguvu likazunguka kidogo, mafuta yakaruka yakachora mstari ukutani, mengine yakatua kwenye kaniki ya mama mkwe.

"Wewe mwanamke huna macho?" Yohana akafoka. "Unaharibu. Unaniharibia kila kitu."

Niliweka unyoya chini. Nikaenda kwenye jiwe la kusagia, na tangu hapo sikumsemesha. Nilimlisha kimya, nikamvisha kimya. Kilichonichoma si lile neno, ni kwamba nilikuwa nimeacha woga wangu kwa ajili yake na yeye hakuona.

Tulikaa hivyo hata sauti ya kuku uani ikawa inatuudhi. Ndipo mama mkwe akaja akachuchumaa karibu nami pale kwenye jiwe. Alikuwa mwanamke mkavu wa Kigogo, mpole, hasemi sana. Aliokota unga kidogo akausugua kati ya vidole.

"Unasaga na mchanga wa jiwe," akasema. "Hasira imekupita nguvu."

"Mama, amenitukana mbele yako."

"Nimesikia. Sikwambii hakukosea. Ila umeshamwambia kwamba imekuuma?"

"Anajua mwenyewe."

"Hajui. Anajua mikono yake tu. Unamlisha kama anayelisha mgonjwa wa jirani, naye anadhani umemchoka kwa sababu ni kilema. Ukinyamaza, yeye anajijazia mwenyewe maneno ambayo hukuyasema. Nenda ukamwambie, usiniambie mimi."

Kisha akaniinua kwa mkono, tukaingia wote ndani. Nilidhani amemaliza, kumbe lililokuwa la mwanawe alikuwa bado nalo. Alikaa mbele yake.

"Yohana, ulipokuwa unajifunza kazi hii, kuna siku huyo Mzungu alikupigia kelele?"

"Mara nyingi, mama."

"Ulijifunza nini siku hizo?"

Yohana alifikiri. Nakumbuka alitazama mikono yake kana kwamba jibu liko chini ya vitambaa.

"Nilijifunza kumwogopa," akasema.

"Basi na huyu ndicho anachojifunza kwako. Kama unataka ajifunze mafuta, mfundishe mafuta."

Akatoka nje kuanika uwele wake. Hakurudia tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Mimi nikasema yangu. Nilimwambia limeniuma, na sababu yake. Yeye akasema, "Nisamehe, Damari." Akaongeza, taratibu, kwamba kila ninapomlisha anajiona mtoto, na kwamba injini hii ndiyo pekee aliyobaki nayo ya kumfanya aitwe mtu mzima. Sikulijua hilo. Tulikuwa tumelala nyumba moja siku zote hizo na sikulijua.

Kuanzia hapo alinifundisha kama alivyokuwa akiwafundisha wanaume wa karakana, au labda vizuri zaidi, maana hakuweza kuninyang'anya kitu akafanya mwenyewe. Kila jambo ilimbidi aliseme, na akilisema aseme na sababu yake.

Tulianza na pistoni iliyokwama. Mikono yangu ilitaka kugonga. "Usigonge," akasema. "Silinda ikichubuka ndani hairudi. Tia mafuta ya taa, uiache." Tukaiacha. Baadaye nikalitikisa gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma, nikaongeza mafuta ya taa, tukaiacha tena mpaka kesho. Siku ilipokubali kusogea, ulitoka uchafu mweusi kama lami, nikaufuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka safi.

Boila nayo ilikuwa na ukoko ndani. Bwana Miwani alikuwa akiusafisha kwa siki, lakini siki hatukuwa nayo. Yohana akaniuliza kama kuna ukwaju. Ukwaju ulikuwepo. Nikaukamua, nikachuja, nikamimina maji yake ya moto ndani, na yalipotoka yalikuwa yamechafuka meupe. Nikasuuza mara nyingi, kwa sababu alisema ukali ukibaki ndani unakula shaba.

Halafu mafuta. Alinieleza kwamba mafuta mazito meusi ni ya silinda peke yake, kwa kuwa humo mvuke ni mkali na mafuta mepesi huoshwa mara moja. Mafuta mepesi ni ya ekseli na viungo, tone moja kila kitundu, kisha unafuta kinachozidi, kwa sababu kinachozidi kinakamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linasaga chuma. Nilimuuliza kwa nini tusitumie mafuta yetu ya nyonyo, ambayo mama mkwe alikuwa nayo kibuyu kizima. Hakucheka. Alisema yanateleza vizuri siku ya kwanza, ila yakikaa yanaganda kama gundi. Karibu na silinda palikuwa na kikombe kidogo chenye kifuniko, cha mafuta yale mazito. Mvuke ukiingia humo unageuka maji, maji yanakaa chini, yanayasukuma mafuta juu kidogo kidogo yaingie kwenye silinda. Mafuta yakiisha kinabaki maji matupu, na hapo lazima uyatoe kwa skrubu iliyo chini na kujaza upya. "Lakini usikifungue kikombe kukiwa na mvuke," alisema. Hakuhitaji kunieleza kwa nini.

Maji ya kuwekea ndiyo yaliyotusumbua, kwa kuwa mvua ilikuwa haijanyesha na ya kisima yangerudisha ukoko. Tukachemsha ya kisima kwenye chungu, tukafunika, nikawa nakusanya matone yaliyoshika chini ya kifuniko. Ni kazi ya kuchosha, lakini injini ile ilikunywa kidogo tu.

Tulipoiwasha mara ya kwanza tulikuwa sisi watatu ndani ya tembe. Mvuke ulipojaa nikalipa gurudumu msukumo mdogo kwa kidole, silinda ikatema maji, gurudumu likaanza kwenda. Ilikuwa na sauti laini, kama mtu anayenong'ona haraka haraka. Yohana aliegemeza bega lake kwenye bega langu, akaliacha hapo. Na ilipokwisha kuzunguka alinikumbusha kumwaga maji ikiwa bado ina joto, kukausha, na kupaka mafuta kabla ya kuifunga kwenye gunia. "Wengi huishia kwenye furaha," alisema. "Kazi inakwisha ukishakausha."

Tulikubaliana kwamba siku ya ukaguzi Salimu ndiye atakayewasha, Yohana asimame karibu amwelekeze, na mimi nisitajwe. Hilo nililitaka hata mimi. Karakana haikuwa mahali pa wanawake, na yeye alikuwa na aibu yake. Niliipaka mafuta asubuhi, Salimu akaipeleka karakana.

Lakini nilishindwa kukaa nyumbani. Nikajifunga kanga, nikaenda kusimama nje ya dirisha pamoja na wake za wengine. Mkubwa wa pwani alikuwa mzee mrefu, ametulia, na saa yake mkononi. Salimu akawasha. Injini ilikwenda vizuri, na watu wakasogea. Yule mkubwa akataka iendelee zaidi ya tulivyoizoesha. Ikaendelea. Halafu nikasikia silinda inaanza kulia, mlio mwembamba, na gurudumu likapunguza mwendo. Nilijua mara moja kwamba mafuta ya kikombe yamekwisha. Salimu hakujua. Akanyoosha mkono kulisukuma gurudumu kwa nguvu.

"Acha," Yohana akasema. "Toa taa."

Salimu akaitoa. Nilimwona mume wangu anatazama kikombe, skrubu ndogo kama punje ya mtama, kisha anatazama vidole vyake. Salimu alikuwa hajawahi kukifungua kikombe kile. Yohana angeweza kusema imeharibika. Angeweza kumwelekeza Salimu wakabahatisha. Akainua macho kuelekea dirishani, akaniona.

"Damari," akaita, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Ingia umalizie kazi yako."

Wanaume wengine walicheka. Mimi sijui miguu ilinifikishaje ndani. Niliposimama mbele ya meza kila kitu kikanitoka kichwani, isipokuwa lile la kutofungua kukiwa na mvuke. Basi nikasubiri. Nikaiinua vali kidogo kwa kijiti, mvuke ukatoka polepole, nikasubiri tena. Mkubwa wa pwani alitazama saa yake. Bwana Miwani akajikohoza. Nilitamani kuharakisha, mwanangu, nilitamani sana, lakini Yohana alikuwa amesimama karibu, na alikuwa ametulia. Mvuke ulipokwisha nikafungua skrubu, nikatoa maji, nikajaza mafuta mazito, nikafunga. Nikagusa ekseli kwa unyoya, nikafuta. Salimu akairudisha taa. Tukangoja maji yapate moto tena, na gurudumu likaenda bila mlio wowote.

Mkubwa wa pwani akauliza kitu kwa lugha yao. Bwana Miwani akatugeuzia.

"Anauliza nani alimfundisha huyu mwanamke."

"Mimi," Yohana akajibu.

"Lini?"

"Baada ya kuungua. Yeye ndiye aliyeitengeneza yote, Bwana. Mimi nilisema tu."

Wakazungumza wenyewe kwa muda mrefu. Kisha Bwana Miwani akavua miwani yake, akaipangusa, akasema kwamba mtu anayeweza kufundisha kazi hii kwa mdomo peke yake hahitaji mikono ili abaki mwalimu. Darasa halikufungwa. Mimi niliendelea kwenda kuipaka injini mafuta kwa msimu mzima, mpaka Salimu akajua kukifungua kile kikombe kwa utaratibu wake.

Sitakwambia kwamba yote yalikuwa mazuri. Wapo waliomwita Yohana mume wa fundi, na jina hilo lilimfuata muda mrefu. Lilimuuma. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Salimu alipata kazi kwenye gari la moto la kwenda Tabora, na kila alipopita Dodoma alikuja kutusalimu. Baadaye vita ikaja, Wadachi wakaondoka, na injini ile sijui ilikwenda wapi. Yohana alifundisha watu wengi, wa serikali ile na wa iliyofuata, na sikumsikia tena akimfokea mwanafunzi.

Sasa sikiliza, wewe unayeanza kazi au unayeanza ndoa, maana ndiyo sababu nimekaa nawe. Kitu ulichokabidhiwa kihudumie kingali kinakwenda vizuri, na ukimaliza kukitumia kisafishe siku ile ile hata kama umechoka. Weka kinachotosha, usizidishe. Kikikwama, usikigonge, kipe muda. Ukimfundisha mtu, mweleze na sababu, kwa sauti ambayo wewe mwenyewe ungependa kufundishwa nayo. Ukiumizwa na wa nyumbani kwako, mwambie yeye, mapema, kwa maneno yanayoeleweka. Na siku utakapohitaji mikono ya mwenzako, iite mbele ya watu kama ulivyoiita faraghani.

Mungu akupe kazi ya halali na mwenzi wa kushauriana naye. Akulinde na moto na maneno ya hasira. Akuzeeshe ukiwa na akili zako na watu wako karibu, na wale utakaowafundisha wakutaje kwa wema. Amina, mwanangu.